Posho ya Bi Mwanahawa

Siku yangu ya kwanza katika bodi ya kusajili wakunga, enzi za Mwingereza, Bwana Katibu alinipa viti vya kupanga na onyo moja: "Karani, wajumbe wasigombanie kiti cha dirishani." Mimi kijana wa Kinondoni, kaptura imepigwa pasi mpaka inataka kusimama peke yake, nikajiona nimekwisha kuwa mkubwa.

Wajumbe wengi wa bodi ile walikuwa wa muda, yaani watu wenye kazi zao kwingine, walioitwa siku za kikao tu na kulipwa posho ya siku hiyo. Madaktari wa serikali hawakuijali sana, maana mshahara wao ulikuwa palepale. Bi Mwanahawa, mkunga wa Temeke, hakuwa na mshahara. Akija kwetu, wajawazito wake walitafuta mkunga mwingine. Na ni yeye pekee aliyewatahini kwa Kiswahili wanawake wa pembezoni mwa mji; bila yeye wasingepata leseni.

Kanuni ilimtaka mjumbe aende mwenyewe kwa Bwana Mhasibu akadai posho yake. Bi Mwanahawa hakudai hata siku moja. Akimaliza kutahini alijitanda buibui lake akaenda zake. Wakubwa wakasema bibi huyu anajitolea, wakamsifu mbele ya kikao. Yeye akatabasamu tu.

Siku moja, wanawake wa Ubungo wakiwa barazani wanangoja mtihani, akanivuta pembeni.

"Mwanangu, kamwambie mkubwa wako mie basi. Siku zangu zinaishia hapa, nyumbani hamna kitu."

"Bibi, mbona hudai posho yako?"

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mkunga anadai? Mzazi akitoka arobaini, wenyewe huja na doti ya kanga na chochote walichojaliwa. Mie nawangoja hawa wakubwa zenu watoke arobaini. Watatoka lini?"

Nilitaka kucheka, hofu ikanizuia. Nikamsihi asubiri, nikamkimbilia Bwana Katibu. Nikamweleza kwamba familia ndiyo humwendea mkunga siku ya arobaini baada ya uzazi. Akitangulia kuomba, amejivunjia heshima. Nilitegemea kufokewa. Bwana Katibu alisugua pua yake ndefu.

"Maana yake ni sisi ambao hatujaenda," alisema, akasimama. "Lete kofia yangu. Kanga zinauzwa wapi?"

Alirudi na doti, Bwana Mhasibu akimfuata na posho yote ya nyuma, akinung'unika habari za kanuni. Bwana Katibu akamkabidhi bibi vyote kwa mikono miwili. "Bi Mwanahawa, tumechelewa. Utuwie radhi."

Bibi akaipapasa kanga. "Rangi kachagua nani? Si mbaya." Akavua buibui akalitundika. "Haya, waite hao wanawake."

Jamani, nilishusha pumzi! Tangu siku ile posho ilipelekwa kwa mjumbe pale alipoketi. Nilihamishiwa bodi ya wauza dawa, kisha ya madaktari wa meno, na kila mkubwa niliyemkuta nilimzoeza hivyo.

Sasa nimestaafu, nimetulia, na sikumbuki mjumbe aliyeondoka kwangu na kinyongo. Ila ninayoikumbuka zaidi ni asubuhi moja isiyo ya kazi. Mwanangu wa kwanza alizaliwa mikononi mwa Bi Mwanahawa. Siku ya arobaini nilidamka, nikashika njia ya Temeke na doti yangu kwapani. Nilimkuta amekwisha kukaa barazani, amejifunga kanga za Bwana Katibu, anatazama upande mwingine kama vile hangoji mtu.