Sungura wa Mdogo Wangu

Mama yangu hakuwahi kumla sungura, lakini ndiye aliyenifundisha kumpika. Alizaliwa Pare ya kusini, katika nyumba ya Wakristo ambao dini yao iliwakataza nyama hiyo. Baba alikuwa mtu wa kaskazini, na sungura aliwapenda kuliko mbuzi. Walipooana wakapatana: baba atachinja, mama atapika katika chungu cha peke yake, wala hataonja. Chumvi aliikadiria kwa kunusa mvuke, na sikumbuki siku aliyoikosea.

Huo ulikuwa wakati wa Mwingereza. Tulikaa mlimani, juu ya Same, na baba alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge upande wa Hedaru, akija nyumbani mara chache kwa mwaka. Mwaka ninaousimulia mvua haikunyesha. Kuku wetu wote walikufa kwa kideri ndani ya juma moja. Mbuzi hatukuwa nao tena. Kibandani alibaki sungura mmoja jike, mweupe, na huyo hatukumhesabu kuwa kitoweo kwa sababu alikuwa wa mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa na miaka sita, mimi kumi na miwili. Sungura yule alimwita mwali, kwa kuwa alishinda ndani bila kutoka. Kila asubuhi alimchumia majani ya viazi, akamsimulia habari za nyumbani kama mtu anayemtembelea shoga yake.

Kisha akaugua surua. Ilipopona, yeye hakupona. Miguu ilivimba, uso ukavimba, nywele zikawa nyembamba na nyekundu. Mama alimbeba mgongoni mpaka zahanati ya Same, nami nikafuata na kibuyu cha maji. Dresa, yule msaidizi wa tabibu, alimbonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki pale pale.

"Mama, huyu hana ugonjwa wa kupewa dawa," alisema. "Anataka nyama, mayai, maziwa. Uji mtupu utamuua."

Tukapanda kurudi nyumbani. Asubuhi ya pili, mdogo wangu akiwa amelala ndani, nilimkuta mama akinoa kisu kwenye jiwe.

"Baba hayupo," alisema. "Nitachinja mimi. Wewe shika miguu."

"Mama, na dini yako?"

"Dini yangu haikunikataza kumlea mwanangu. Shika."

Nilishika. Hakuwa amezoea kuchinja, ikabidi arudie. Ngozi tuliifukia nyuma ya migomba. Nyama aliikata vipande, akailoweka katika maji ya chumvi, kisha akaichemsha na kitunguu na ndizi mbichi mpaka ikaachana na mfupa. Mwishoni alitia kijiko cha samli tuliyopewa na jirani.

Mdogo wangu aliamshwa na ile harufu. "Dada, nyama gani hiyo?"

Mama alinitazama. Akaniachia mimi nijibu.

"Kuku," nikajibu.

"Kuku si walikufa wote?"

"Jirani ametupa mmoja. Kwa ajili yako."

Kinywa chake kilikuwa na vidonda, hakuweza kutafuna. Basi mama akatia kipande kinywani mwake mwenyewe, akakitafuna, akakitoa kiganjani na kumlisha. Alifanya hivyo mpaka bakuli likaisha. Kisha akatoka nje kusukutua, na nilimsikia akisukutua kwa muda mrefu sana.

Tulimlisha siku nne. Baada ya hapo mama alishuka tambarare na mkungu wa ndizi, akarudi na maziwa ya wafugaji, na tukaendelea kwa maziwa. Uvimbe ukaanza kupungua. Mtoto akakaa, akacheka. Na kila asubuhi, kwa kuwa bado hakuweza kutembea, aliniita.

"Dada, umempelekea mwali majani?"

"Nimempelekea."

"Amekula?"

"Amekula yote."

Nilichuma majani mbele ya macho yake, nikazunguka nyumba, nikayatupa nyuma ya migomba. Nilijiambia nitamweleza akipata nguvu. Mama naye aliniambia, "Mwambie mapema, kabla hajasimama." Sikumwambia. Alikuwa akinifurahia mno.

Siku aliyoweza kutembea, hakuaga. Alichuma mboga ya maboga kidogo, akaenda nayo kwa jirani kumshukuru. Nilikuwa nikitwanga uani. Nilimsikia kule ng'ambo ya ua akisema, "Shikamoo bibi. Asante kwa kuku."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kuku gani tena? Mimi nimetoa samli tu."

Niliacha mchi nikakimbia, lakini alikuwa ameshapita njia ya nyuma. Nilimkuta amesimama mbele ya kibanda kitupu, na pembeni, chini ya migomba, lile rundo la majani yaliyooza. Aliyatazama, kisha akanitazama mimi. Hakulia.

"Na wewe ulimla?"

"Nilikunywa mchuzi," nikasema. Hilo lilikuwa kweli.

Tangu siku hiyo hakupokea chakula kutoka mkononi mwangu. Hakunikasirikia kwa maneno. Aliniruhusu nimwogeshe, nimbebe, nimsuke hizo nywele chache. Lakini nikileta bakuli, aligeuza uso kwa upole na kusema, "Nitamsubiri mama." Mama alikuwa akishinda shambani kutafuta mizizi na vibarua, hivyo mtoto alishinda na njaa, nami nimekaa karibu naye na uji unaopoa. Nyama hakuitaka tena hata kwa mama. Akawa ananusa kila kitu kabla ya kula, hata maziwa.

Mvua ilipokuja hatimaye ilikuja na baridi kali. Kifua kikambana. Siku ya tatu, mchana, mama akiwa amempakata mlangoni penye mwanga, mdogo wangu akafa. Dresa alisema baadaye ni kichomi, kwamba kingeweza kumwua hata mtoto aliyenona. Mama alinirudia maneno hayo mara nyingi, hata nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto. Nilimshukuru kila mara.

Baba alifika siku nne baada ya mazishi. Alikaa juu ya kigoda, kofia mkononi, akamwuliza mama mtoto alikuwa akila nini. Kabla mama hajajibu nilimweleza yote: sungura, kuku wa uongo, majani. Nilitaka anichape. Niliona kwamba akinichapa, jambo hili litakuwa limefika mwisho.

Baba alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza, "Ulipokuwa ukimwambia kwamba sungura amekula majani, mdogo wako alikuwa akicheka?"

"Ndiyo, baba."

Akaitikia kwa kichwa. Hakunichapa; aliinuka, akaenda kukivunja kibanda ubao kwa ubao. Nilimfuata nikazikusanya mbao. Tulifanya kazi hiyo mpaka adhuhuri.