Mfupa Ambao Haukuwapo

Mtaa mzima ulimwita Bwana Mita. Jina alilopewa na baba yake lilibaki kwenye hati ya mshahara tu. Kwa miaka kumi na sita alipita nyumba kwa nyumba akisoma mita za maji, kila nyumba mara moja kwa mwezi, na katika daftari lake, kando ya kila namba ya nyumba, aliweka alama yake mwenyewe ya mbwa. Mistari miwili: mkali, piga hodi ukiwa mbali. Duara: mpole, ingia tu. Alizionea fahari alama hizo kuliko kazi yenyewe, maana waliomtangulia walistaafu na makovu matakoni, yeye hakuwa na hata moja.

Karani, mbwa wa Bibi wa geti la kijani, alikuwa na duara.

Mwezi uliopita Bibi alimdaka getini kabla hajafungua daftari. "Afadhali umekuja, mwanangu. Karani kakwamwa na mfupa. Tangu jana hali, hanywi, mate yanamchuruzika tu."

Na kweli, mbwa alikuwa amejilaza kando ya karo la kufulia, taya limelegea. Bwana Mita akajitia ufundi. Bibi alilishika taya kwa mikono miwili, naye akapeleka vidole hadi kooni, akapapasa huku na huku. Hakuna mfupa. Karani alifunga mdomo mara moja, bila hasira, na jino likamchubua Bwana Mita kidole cha shahada. Akafuta damu kwenye suruali, akasoma mita, akaenda zake. Mtu gani anaogopa duara?

Leo geti la kijani lilikuwa limefungwa. Fundi viatu wa jirani alimwambia Bibi kaenda kwa binti yake, atarudi mchana.

"Na Karani?"

"Si alikufa? Siku ya pili tu baada ya wewe kupita. Ukimsogezea bakuli la maji anatetemeka mwili mzima." Fundi alitoa misumari mdomoni. "Watu wanasema kilikuwa kichaa cha mbwa."

Bwana Mita aliogopa, tena aliogopa vibaya. Alikwisha kusikia habari za ugonjwa ule: ukikupanda, maji hayamezeki, hata ufe na kiu. Chupa yake ilikuwa mkobani na jua lilikuwa limemkausha koo, lakini hakuigusa. Je, koo likikataa? Heri abaki na kiu asijue.

Nesi wa zahanati alikishika kile kidole, kovu lenyewe dogo kuliko punje ya mchele.

"Uliosha?"

"Nilifuta."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa suruali."

Nesi alivuta pumzi. "Ungeosha palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, halafu ukaja hapa mbio."

"Nimechelewa?"

"Umechelewa, ila nafasi ipo. Maadamu dalili hazijaanza, tunachoma. Zikishaanza, baba, hatuna cha kukupa."

Akamchoma begani, kisha palepale kidoleni, sindano iliyomtoa machozi. Akamwandikia tarehe za kurudi na kumwonya asiruke hata moja. Bado anaandika, akauliza, "Nani mwingine aliyagusa mate ya huyo mbwa?"

Bwana Mita aliiona mikono ya Bibi, ile iliyopasukapasuka kwa kufua, imelowa mate hadi kwenye vifundo.

Alirudi akikimbia. Bibi alikuwa kizingitini anavua viatu, sauti imemkauka. "Koo linaniwasha tangu juzi," alisema, hata salamu hajaitikia vizuri.

"Bibi, kunywa maji."

"Umekuja kusoma mita au kusoma koo langu?"

"Kunywa tu. Nakuomba."

Bibi alichota kikombe, akanywa. Bwana Mita alilikodolea macho koo lake, akahesabu funda la kwanza, la pili, mpaka kikombe kikaisha. Ndipo akamweleza yote. Bibi aliitazama mikono yake.

"Nilimlisha kwa hii hii mpaka mwisho," alisema. Akavaa tena viatu. Kisha akajaza kikombe, akamnyooshea. "Na wewe? Midomo imekukauka hivyo, umekunywa lini?"

Bwana Mita alikipokea kwa mikono miwili, maji yakamwagika hadi kwenye daftari. Alitaka kukirudisha. Bibi akamshika taya, taratibu, kwa mikono ile ile na kwa namna ile ile aliyomshika Karani.

"Kunywa, mwanangu. Mimi nakutazama."

Akafumba macho, akanywa. Maji yakapita. Wakafunga geti, wakashika njia ya zahanati.