Chumba cha Baridi cha Baba

Nyuma ya nyumba yetu Lodwar palikuwa na chumba kimoja kilichojua baridi. Baba alikijenga mwenyewe. Wazo alilipata Kakuma, alikofanya kazi, alipowaona wakimbizi wakipanda mboga katika magunia yaliyosimamishwa wima. Yeye alitengeneza rafu, moja juu ya nyingine hadi karibu na paa la plastiki nyeupe, zote zimejaa sukuma wiki na mchicha. Ukuta mmoja ulikuwa wa makaa yaliyobanwa kati ya nyavu mbili za waya. Maji yalidondokea makaa yale kutoka kwenye tangi, na feni ya sola ikavuta hewa ya nje ipitie humo. Upepo uliotuunguza uani uliingia ndani umepoa, ukinukia mvua.

Sharti lilikuwa moja: mlango ufungwe. Ukiuacha wazi hata kwa kuchungulia tu, baba alipaza sauti, "Funga! Unataka kupoza Turkana nzima?"

Alifariki mwaka 2013, ghafla, akiwa kazini. Kabla hatujamsafirisha kwenda kuzikwa kwao Kitale, watu walijaa kwetu. Turubai la kukodi lilikuwa dogo, na jua lilikuwa lile la Lodwar. Wazee majirani walitusalimu kwa Kiturkana, "ejok", kwa sauti ya chini, wakaketi juani kwenye vigoda vyao. Ndipo mama akaufungua mlango wa kile chumba, akauzuia kwa jiwe.

"Mama, mboga zitakufa," nikamnong'oneza.

"Watu wametoka Kakuma na vumbi lote lile, niwafungie baridi?"

"Ni za baba."

"Na hawa ni wa nani?"

Wakaingia, wakaketi kati ya rafu. Mama mmoja Mkongomani, aliyempa baba mbegu zake za kwanza za mchicha, akagusa jani.

"Lengalenga yangu hii," akasema. "Siku nilikuya kumutembelea, Papa alinigombeza: funga mulango!"

Wanawake wakacheka, na mama akacheka nao, mara ya kwanza tangu tupigiwe simu. Mimi sikuweza. Nilikuwa nikitazama majani ya rafu ya juu, ambayo yalikwisha kuanza kulala.

Tuliporudi kutoka mazishini, jiwe lilikuwa palepale mlangoni. Tangi lilikuwa tupu, feni inazunguka bure, na kila jani limekauka likawa rangi ya mchanga. Nilishindwa kuingia. Mama aliondoa jiwe, akajaza ndoo, akayamwagia makaa maji, akajifungia humo.

Nikapika chai, ikapoa. Mwishowe nikausukuma mlango nimwite.

"Funga! Unataka kupoza..."

Hakuweza kumaliza. Niliingia, nikaufunga nyuma yangu, nikaketi karibu naye chini ya rafu. Feni ilikuwa ikivuta. Taratibu hewa ikaanza kupoa, ikinukia mvua.