Kiwanja cha Ndagala

Generose alikuwa na mdomo. Hilo hakuna aliyelibishia Uvira yote, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulikubali. Alizaliwa Runingu, kwenye mashamba ya tambarare ya Ruzizi, akaolewa ziwani na miaka yake kumi na saba, hajui hata ndagala analiwa na kichwa au bila kichwa. Mama mkwe wake alimfundisha kwa miaka miwili na matusi mengi: namna ya kuwamwaga samaki hao wadogo mchangani ili wasilaliane, saa ya kuwageuza, jinsi ya kutikisa kiganja kimoja cha samaki karibu na sikio na kusikia kama wamekauka. Kisha siku moja akamwonyesha kipande cha mchanga chenye urefu wa hatua arobaini, kilichozungushiwa mawe meupe, akamwambia, "Hapa njo pako. Minye nikikufa, utabaki napo." Mwaka uliofuata akafa kweli. Alikuwa mtu wa kutimiza neno lake.

Vipande kama hicho vilikuwa kumi na viwili, kila kimoja kikitoka kwa mama mkwe kwenda kwa mke wa mwana. Karatasi hazikuwapo. Nani angekaa aandike karatasi juu ya mchanga? Kipande kile kiliwalisha watoto watano wa Generose na kuezeka nyumba yake mabati, kwa sababu mumewe, Ildephonse, alikuwa mvuvi wa usiku na golikipa wa mchana, na golikipa bado hajazaliwa wa kulisha familia kwa kudaka.

Miaka hiyo ya hamsini na kitu, Uvira haikuwa na kiwanja cha mpira cha maana. Timu ilikwenda Usumbura, ng'ambo ya ziwa, ikafungwa, ikarudi ikisingizia ugeni. Wakubwa wawili wa mji wakaona aibu. Wa kwanza alikuwa administrata, Mbelgiji ambaye watu walimwita Bwana Kesho, maana ukimwomba lolote hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Wa pili alikuwa tajiri wa Kigiriki aliyenunua pamba na kuuza bia. Huyo aliitwa Bwana Kitambi, na sababu ilimtangulia kila mahali alipokwenda.

Kwamba kiwanja kijengwe, walikubaliana mara moja. Nani alipe, hapo ndipo kazi ilipoanza. Bwana Kesho alisema tajiri ndiye atakayeuza bia humo, basi alipe tajiri. Bwana Kitambi akasema vijana wakicheza mpira hawatapata nafasi ya siasa, faida ni ya Bulamatari, na jina hilo la serikali alilizoea kuliko jina la mama yake, basi alipe Bulamatari. Walibishana miezi minane, wakinywa wiski ya Kitambi, hata Kitambi akadai kwamba yeye tayari ameshaanza kulipa.

Mwishowe wakapatana. Kitambi atatoa saruji na mabati ya jukwaa, na atakata tiketi mlangoni. Serikali itatoa watu wa kubeba mawe, na itatoa ardhi. Watu hawakuwa tabu, walikuwepo, na fimbo ilikuwepo. Ardhi ilibidi itafutwe, na iwe tupu, maana sheria yao ilisema ardhi isiyo na mtu ni mali ya serikali.

Aliyetumwa kuitafuta ni karani Venant, kijana wa milimani, mwenye tai na viatu vya kung'aa. Alijua Kifaransa na mashine ya kuandika. Ziwa hakulijua. Akashuka pwani wakati mwezi ni mpevu, na mtoto yeyote wa Uvira angemwambia kosa lake. Ndagala huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiwaka, samaki hawaijali taa, wavuvi wanalala nyumbani wiki nzima, na wanawake wanapanda hadi vijiji vya Bwegera na Mutarule kubadilisha ndagala kwa mchele. Venant akakuta mchanga mweupe, upepo, na kunguru watatu. Akaandika: "Tambarare. Tupu. Hakuna watu wala kilimo. Kuna mawe meupe yaliyojipanga." Akapiga muhuri.

Wanawake waliporudi na mchele kichwani, walikuta vigingi na kamba. Generose alitua mzigo wake njiani na kwenda ofisini na vumbi lake lote.

"Karani, nani alikwambia pale hapana muntu?"

"Mama, minye mwenyewe nilifika. Hakukuwa ata muntu moya."

"Ulifika mchana, ukarudi ku nyumba saa ngapi?"

"Usiku."

"Na taa?"

"Hapana. Mwezi ulikuwa unawaka sana."

"Njo vile! Weye ulikuja kututafuta siku za mwezi! Sasa minye nikija ku biro yako siku ya Mungu, nikute hapana muntu, niandike biro haina mwenyewe?"

Venant hakuwa mjinga. Alielewa pale pale, na jasho likamtoka chini ya tai. Lakini karatasi ilikuwa imeshakwenda Bukavu kwa wakubwa wa jimbo, na karani anayekiri kosa kwa Bukavu hubaki bila viatu vya kung'aa. "Ya Bukavu hairudi, mama," alisema, akaanza kupanga kalamu zake.

Nyumbani kulikuwa na mkosi mwingine: Ildephonse alikuwa anafurahi.

"Mama Spès," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "tutakuwa na jukwaa! Na goli ya mbao! Na nyavu!"

"Nyavu ya kushika samaki gani, Baba Spès?"

Wengine walisukumwa kubeba mawe. Ildephonse alifika asubuhi kabla hajaitwa, labda mtu pekee katika koloni nzima aliyewahi kuiwahi kazi ya lazima. Mkewe alimgeuzia mgongo mwezi mzima, na alistahili zaidi ya hapo.

Kwa wanawake mambo yalikuwa mabaya. Walianika kando ya barabara, malori yakawafunika vumbi. Walianika juu ya mabati, mbuzi wakapanda. Ndagala wakakauka nusu na kuoza nusu, na kule Bwegera wanunuzi walinusa, wakafunga magunia yao ya mchele. Generose, ambaye watu walidhani hajui kulia, alilia nyuma ya jiko, kwa hasira na kwa woga pamoja. Kipande kile alikipokea kikiwa kizima. Angempa nini mke wa mwanawe?

Siku ya kufungua kiwanja ilichaguliwa katika kalenda yenye watakatifu wote lakini isiyoonyesha mwezi wa angani. Ikaangukia Jumapili ya katikati ya giza. Usiku wa kuamkia siku hiyo ziwa lilitoa ndagala hadi mitumbwi ikakaribia kuzama, na alfajiri wanawake kumi na wawili walisimama ufukweni na vikapu vinavyochuruzika, bila pa kuvimwaga.

"Tunaenda kuanika," alisema Generose.

"Wapi?" aliuliza Agathe, jirani yake wa kipande.

"Pale pale petu."

Mlangoni mlinzi wa Kitambi, mzee Nyandwi, aliomba tiketi. Generose akamwambia tiketi ni za saa kumi jioni, na sasa ni saa kumi na mbili asubuhi, au hajui saa? Nyandwi hakuijua saa. Wakapita. Mawe meupe yalikuwa yameshaingia ukutani, lakini Generose alihesabu hatua tangu ukingo wa maji na kufika kwenye kipande chake bila kubahatisha. Kilikuwa mbele ya goli la mumewe.

Baada ya misa wakubwa walikuja kukagua. Kiwanja chote kiling'aa kwa samaki, na harufu ilikuwa imeshapanda jukwaani na kuketi kwenye viti vya wageni. Bwana Kesho akawaita askari na fagio zao.

"Zoa," alisema Generose. "Lakini samaki wangu utalipa. Nani atalipa, Bwana? Weye, ao ule?"

Akamwonyesha Kitambi kwa kidole. Hakuna swali lingine duniani ambalo lingewafaa wale wawili vizuri zaidi. Bwana Kesho alisema mlango ni wa tajiri, tiketi za tajiri, basi alipe tajiri. Kitambi akasema ardhi ni ya serikali, fagio za serikali, alipe serikali. Wakazozana kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili kibovu, askari wakiwa wameegemea fagio. Jua likapanda, likafanya kazi yake. Wanawake wakageuza samaki.

Kisha Kitambi akanusa faida. Kama ardhi ile ilikuwa na wenyewe, basi serikali ilitoa kitu kisicho chake, na hasara yote ni ya Bwana Kesho. Akamwita karani mbele ya watu na kumwuliza: ilikuwa tupu, au haikuwa tupu?

Venant alikuwa na suti mpya na hotuba mfukoni. Aliwatazama wanawake wamechutama juu ya samaki wao. "Nilikuja siku za mwezi," alisema. "Ardhi ilikuwa na bantu. Nilikosea." Alisema kwa Kifaransa chake pia, asije mtu akasingizia kutoelewa. Mwezi uliofuata alihamishiwa kituo cha mbali kisicho na mashine ya kuandika, na wanawake wa pwani walimfungia ndagala wa njiani, kikapu kizima, waliokauka vizuri.

Siku ile, saa tisa, samaki walikuwa tayari. Wanawake wakazoa, mpira ukachezwa, Ildephonse akateleza kwenye magamba na kufungwa manne.

Wiki hiyo hiyo Bwana Kesho alimwita Generose. Ardhi yenye mwenyewe lazima ilipiwe, ndivyo sheria yake ilivyosema, na alitaka aibu iishe kabla Bukavu haijasikia. Ataje bei tu. Akitaja yeye, wenzake kumi na mmoja watafuata, halafu kila mmoja ataweka dole gumba kwenye karatasi na kwenda zake. Nani atatoa fedha, serikali au Kitambi, hilo watalimaliza wenyewe.

Generose akakaa kimya. Bwana Kesho aliuliza mara ya pili, akauliza ya tatu kwa sauti ya upole kabisa. Wanawake waliosongamana dirishani waliogopa, maana hawakuwahi kumwona Generose akiulizwa kitu akakosa jibu. Akaaga kwa heshima na kutoka. Miezi ikapita; bei haikutajwa, malipo hayakufanyika, na wanawake wakaendelea kuanika kiwanjani.

"Taja bei, Mama Spès!" Ildephonse alimsihi alfajiri moja ufukweni. "Miezi inapita, bakubwa beko banakungojea tu! Taja ata kubwa!"

"Nikitaja, batapata pa kuanzia kulipa," alisema Generose. "Bakilipa, nitakuwa na franka, na sitakuwa na pa kuanika."

Kulikuwa kumeanza kupambazuka, na mtumbwi ulikuwa umejaa. Ildephonse akainama, akashika upande wa pili wa kikapu, wakaenda kiwanjani.