Tereza Mniko na Mchanga wa Wenzake

Asubuhi, Bugwema. Tereza Mniko ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba yake, ametandaza pamba. Nyeupe anaitupa kulia, yenye madoa anaitupa kushoto. Mikono haisimami.

Hakuna anayemtaka afanye hivyo. Tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua pamba, miaka mitatu iliyopita, safi na fifi, ile yenye madoa, huingia roba moja na kulipwa bei moja.

“Enzi za chama cha ushirika tulikuwaga tunachambua, ukileta chafu unarudishwa nayo,” anasema mjane huyo wa miaka hamsini na miwili. “Hawa wanachukua yote. Lakini mimi kuuza uchafu niuite usafi, siwezi.”

Wengine wameweza. Wakulima kadhaa hunyunyizia pamba maji, au huweka mchanga katikati ya roba ili ivute mizani. Felisian, jirani yake, hafichi. “Mizani yao inaiba, na mimi naiba. Tumetoka sare,” anasema akicheka.

Nyumba ya Felisian ina bati jipya. Kwenye misa ya mavuno ndiye aliyetangulia kupeleka vipaji altareni. Tereza alikuwa benchi la nyuma.

“Nilimwuliza Mungu pale pale, ‘Na hiki nacho unakipokea?’”

Wiki iliyopita alipeleka roba tisa kituoni. Mseti, karani wa mnunuzi, alitangaza kwamba kila roba itakatwa kilo nne, kwa sababu pamba ya Bugwema ina mchanga.

“Karani, ingiza mkono mpaka chini,” Tereza alimwambia. “Ukipata hata punje, chukua yote bure.”

“Mama, nikipekua kila roba tutalala hapa.”

“Kwa hiyo mchanga wa wenzangu nalipa mimi?”

Foleni iliangua kicheko. “Mama Renatus, si ungeweka na wako!” sauti ya mwanamume ikapaa. “Angalau ungekatwa cha kwako!”

Alikatwa kilo thelathini na sita.

Jioni hiyo mwanawe Renatus, mwenye mke na watoto wawili, alimletea debe la mchanga kutoka mtoni. Roba mbili zilikuwa zimebaki nyumbani.

“Mama, adhabu umeshapewa. Sasa fanya kosa.”

Tereza anakiri kwamba alilitazama debe lile muda mrefu. Kisha akalimwaga njiani. Renatus hajamsemesha tangu siku hiyo.

Katekista alimshauri asubiri, Mungu ni mwenye haki. Anaamini hivyo, lakini hajifanyi kwamba imani inamtuliza.

“Nasubiri huku naumia. Angekuwa hana haki, ningemlalamikia nani? Ningeshaweka mchanga zamani, nilale usingizi.”

Jumatatu mnunuzi anarudi. Tereza ameazima turubai kwa mkwewe na kulifua. Anakusudia kufika wa kwanza, alitandaze mbele ya mizani, amwage roba zote mbili mbele ya foleni nzima.

Na karani akikata tena?

“Akate,” anasema, akitoa jani kavu kwenye pamba. “Kuhukumu ni kwa Mungu, simwingilii. Ila huyu kijana safari hii atakata huku anaona.”