Mstari wa Wajane

Mwaka tuliohamishiwa kijijini, hapa Ihanja, nilikuwa mjane wa miezi saba mwenye watoto wanne na ulimi mrefu. Ulimi ninao mpaka leo. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, alikuwa mzee wa ukoo aliyesikilizwa hata kanisani, na asubuhi moja alikuja na kiti chake cha miguu mitatu, akakiweka uani kwangu, akakalia. Katika ukoo ule mwanamume akileta kiti chake kwa mjane, hana haja ya kueleza zaidi.

"Shikamoo, shemeji," nikamwambia.

"Marahaba. Uji upo?"

"Upo wa watoto."

Kilichogombewa hakikuwa mimi peke yangu. Siku zile karani alikuwa anagawa viwanja vya kijiji kipya, na kila kiwanja kiliandikwa jina la mkuu wa kaya. Ningekubali kiti kile, basi kiwanja, shamba la uwele na ng'ombe wangu wawili vingekuwa vya shemeji, na mimi ningekuwa mke wa tatu. Wake zake wawili niliwajua vizuri. Hakuna aliyenenepa.

Nilikataa, naye akaleta Maandiko. Kusoma hakujua, ila kichwani alikuwa na mistari aliyokaririshwa ujanani, na aliitamka kwa sauti nzito hata mbuzi wakatulia. Alisema torati imeamuru: mtu akifa, mjane wake asiolewe nje, ndugu yake amchukue. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama mkwe, aliyenipenda kweli, akaniambia, "Mwanangu, ukishindana na mimi nitakusamehe. Na Mungu je, utashindana naye?"

Shemeji alikosea jambo moja tu. Alidhani wanawake tunakwenda kwenye kisomo kusengenyana.

Darasa letu la watu wazima lilikuwa alasiri, ndani ya ghala la mahindi. Benchi moja nilikaa na mjane mwenzangu. Mumewe alitangulia kufariki kabla ya wangu, na hawakujaliwa mtoto. Shemeji yake alikuwa Sekenke miaka mingi akichimba dhahabu; hata mazikoni hakuonekana. Mwenzangu alikuwa mpole, akisema inabidi uiname ndiyo umsikie, lakini kwa kusoma alinizidi mbali. Tuliazima Kitabu kwa mwinjilisti, tukautafuta mstari ule kwa siku tatu, kidole chake kikitangulia chini ya maneno, mimi nikifuata nyuma. Aliyeupata ni yeye. Kidole kikasimama katikati ya mstari, pale panaposema kuhusu ndugu aliyekufa bila kuacha mtoto.

"Wewe unao wanne," akaninong'oneza.

Nilipiga kigelegele mle ghalani mpaka mwalimu akanitoa nje.

Jumapili baada ya ibada tukakusanyika uwanjani mwa kanisa. Balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye ni Mwislamu, aliombwa asimamie ili pasiwe na upendeleo, na karani akaja na daftari lake la viwanja. Shemeji akatamka mstari wake vilevile, na vilevile watu wakatikisa vichwa. Nikaomba nipewe Kitabu. Wanaume wakacheka. Nikakifungua, nikasoma silabi kwa silabi, jasho likinitiririka mgongoni, kuanzia pale pale kidole cha mwenzangu kiliposimama. Nilipofika kwenye neno la mtoto nikawaita wanangu wote wanne waje wasimame mbele ya wazee.

Kisha shemeji akasema, "Kitabu hicho kimetafsiriwa na Wazungu. Nani ajuaye wameongeza nini?"

"Shemeji," nikasema, "ulipokuwa unanidai mimi, kilikuwa neno la Mungu. Nimekisoma, sasa kimekuwa cha Wazungu?"

Waliocheka safari hii ni wanawake. Mwinjilisti akasimama, akaeleza kwamba hata sheria yenyewe iliwekwa ili jina la marehemu lisipotee, si ili mtu aongeze ng'ombe. Shemeji akamgeukia, na kusema kweli nilimwonea huruma, maana sauti ilikuwa imemwisha.

"Ina maana nimefundishwa uongo miaka yote hii?"

"Hukufundishwa uongo, mzee," mwinjilisti akamjibu. "Ulifundishwa nusu."

Balozi akakata shauri. "Hata kwetu sisi mjane harithiwi kwa nguvu. Huyu mama ana watoto, na andiko limesomwa. Karani, andika jina lake."

Kiti cha shemeji nilikibeba mwenyewe hadi kwake, nimeshakifuta vumbi. Wiki nzima nilitembea kijijini kichwa juu.

Baada ya mavuno shemeji wa mwenzangu akashuka kutoka Sekenke kuja kumchukua. Wazee wa ukoo wao hawakuhitaji hata mjadala. Walisema mjane asiye na mtoto ni wa ndugu wa marehemu, jambo hilo limeshasomwa kanisani mbele ya watu. Wakanitazama mimi, kana kwamba ndimi shahidi wao. Ningesema nini? Mstari niliusoma kwa kinywa changu. Nikanyamaza, mimi mwenye ulimi mrefu. Mwenzangu akafunga mzigo wake, akapanda lori.

Mwaka uliofuata niliuza alizeti, nikanunua Kitabu changu mwenyewe. Jioni ileile nikaufungua mstari wangu ili nijifurahishe tu. Kwa mara ya kwanza nikauanza mwanzoni. Unaanza kwa kusema kwamba sheria hiyo ni ya ndugu wanaokaa pamoja. Pamoja! Na Ihanja hadi Sekenke ni kutwa nzima ndani ya lori. Nilijikasirikia mpaka nikalia. Shemeji yangu alikaririshwa nusu na watu wengine. Mimi nilijifundisha nusu mwenyewe, na macho ninayo, na kusoma najua.

Nikapanda lori. Nilimkuta mwenzangu nyuma ya kibanda akitwanga mawe ya dhahabu, nywele nyeupe kwa vumbi. Hata kabla sijakaa nilikifungua Kitabu, nikamwekea kidole mwanzo wa mstari. Hakuinama kutazama.

"Nayajua hayo," alisema. "Niliyaona siku ile ghalani, yako juu kidogo tu ya kidole changu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unapiga kigelegele."

Akaushusha mchi chini, akajifuta uso kwa upande wa kanga.

"Nikasema si kitu, Jumapili utausoma wote. Nilikaa pale nyuma, nikangoja uyasome."