Goti Halipimwi kwa Kwenda Mbele

Iko siku moja naikumbuka kila nikishuka ngazi. Ilikuwa asubuhi kwa soko la mbuzi hapa Isiolo, na babu yangu akaniambia neno moja tu mbele ya watu: "Geuka." Hilo neno ndilo nataka kukupa leo, Nkatha, lakini nikikupa peke yake hutaelewa. Kwa hivyo kaa chini. Weka mguu juu ya mto kwanza. Sawa.

Mwanangu, nakuita hivyo kwa sababu mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu, hata kama nimekupita miaka tisa tu. Najua watu husema nasaha ni kazi ya wazee. Mimi siwezi kungoja mvi ndio niseme, na wewe pia hutaningoja, maana mechi yenu ni wiki ijayo. Jana ulinitumia video ukikimbia nyuma ya nyumba huko Timau, miezi minne tu tangu upasuliwe goti, na chini yake ukaandika: "Auntie nimepona. Usiambie mum." Hiyo video nimeiona mara tatu. Nitairudia mwishoni. Naandika haya kwa daftari langu la kila siku na nitazichana hizi kurasa nikutumie, kwa sababu kwa simu utasoma mstari mmoja ukimbie.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza fomu foo, nacheza kwa kikundi cha ngoma hapa mjini. Tulikuwa mchanganyiko, Wameru, Waborana, Waturkana, kila mtu amefundishwa ngoma ya mwenzake. Mimi Mmeru nikapenda ile ya kuruka ya Waturkana kuliko Waturkana wenyewe. Rafiki yangu Akiru, ambaye hiyo ngoma ni yao, alikuwa akiniambia, "Kendi, hii ngoma ni ya mchanga. Si ya simiti na raba." Sikusikia. Nilikuwa nimebuni mtindo wangu, naruka juu, nashuka nikigeuka, na watu wanapiga kelele. Siku moja kwa ukumbi nikashuka, raba ikashika simiti, mwili ukageuka, goti likabaki. Nilisikia pap! kama kijiti kikavu. Kabla ya saa moja kuisha lilikuwa limefura kama papai.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Ungedhani mtu akishavunjika hilo guu anaanza kusikia. Wapi.

Nilikandwa na maji moto na mafuta ya kondoo wiki tatu, uvimbe ukaisha, nikasema nimepona. Nikarudi mazoezi, nikageuka kidogo tu, goti likatoka kama mlango umeacha bawaba. Ndio tukaenda hospitali. Eksirei ikasema mifupa iko sawa. Picha ile nyingine ya kuonyesha nyama za ndani ndiyo iliyosema ukweli: kano ya katikati ya goti imekatika. Daktari mpasuaji, huko Meru, akanieleza kama wewe ulivyoelezwa. Kano hiyo haishonwi kama kitambaa. Wanachukua kano nyingine nyuma ya paja lako mwenyewe, wanatoboa mfupa juu na chini, wanaipitisha, wanaikaza. Wanaingia kwa matundu madogo na kamera nyembamba kama kalamu. Niliamka nikiwa na kiu na bandeji, nikauliza nitacheza lini. Nesi akacheka. "Wewe kwanza unywe maji."

Kupasua ilikuwa kazi ya daktari, na aliimaliza asubuhi moja. Kupona ilikuwa kazi yangu, na hiyo ndiyo niliiharibu karibu yote.

Hapa Isiolo nilipewa fizio, mtu wa mazoezi ya viungo, anaitwa Guyo, Mborana mrefu, mpole, ambaye hakuna siku nilimwona akikimbia. Alinianzisha na mambo ya aibu. Kaza paja, hesabu kumi, legeza. Nyoosha goti. Lala, inua mguu. Mimi niliyeruka mpaka watu wakapiga kelele, sasa nasifiwa kwa kuinua kisigino! Akaniambia, "Kendi, hiyo kamba mpya mwili haijaizoea. Kwanza itailegeza, halafu ndio itaijenga. Kuna wakati utasikia uko sawa kabisa, kumbe hapo ndio iko dhaifu. Hiyo wakati ndio mimi naogopa."

Nikamwitikia vizuri. Moyoni nikasema anaogopa kwa sababu ni mwoga.

Sasa, mwanangu, nisikie hapa, maana haya sijawahi kumwambia mama yako. Babu yetu alikuwa ananunua mbuzi Isiolo na kuwapandisha Meru, na mimi nilikulia kwa hilo soko. Niliona mambo. Mtu akiwa na mbuzi mwenye mguu mbaya, hamleti sokoni moja kwa moja. Anamtoa mapema, anamtembeza, anamtembeza, mpaka kiungo kinapata moto na kuchechemea kunapotea. Saa mbili asubuhi huyo mbuzi anatembea kama waziri. Jioni, kwa boma ya aliyemnunua, anasimama na miguu mitatu.

Mimi nikafanya hivyo na goti langu. Siku ya kuona Guyo nilikuwa naamka mapema, nakanda na maji moto, nazunguka ua wa hospitali raundi nne, halafu naingia wa kwanza kwa foleni. "Jioni linafura?" ananiuliza. "Hapana." Lilikuwa linafura kila jioni, nalifunika na leso. Naye akaniongezea mazoezi, kwa sababu aliniamini.

Nilikuwa na sababu. Mwezi wa tano kulikuwa na sherehe ya utamaduni, na kikundi kitakachopendeza kingechaguliwa kwenda kucheza Nairobi. Mahali pangu pa mbele Akiru ndiye alikuwa ameshika. Kila jioni nilikuwa nawaona wakiruka, na moyo wangu unaruka peke yake.

Mama akasema, bila Babu kukubali huchezi. Nikaona hiyo ni rahisi. Nikakanda, nikazunguka raundi zangu, nikafika sokoni nimevaa sketi fupi ya mazoezi, nikapita mbele ya Babu kama bibi harusi.

"Umeona, Babu? Hakuna kuchechemea."

Babu alikuwa ameshika mbuzi mwekundu kwa sikio. Hakuniangalia uso. Aliangalia mguu.

"Rudi tena."

Nikarudi. Broka mmoja, dalali wa mbuzi na mtani wake, Ekal, akaita, "Mzee, hiyo ni ya kuuza ama ya kufuga?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

"Geuka," Babu akasema.

"Nigeuke wapi?"

"Hapo hapo. Kwa huo mguu. Haraka, kama mtu amekuita nyuma."

Mwanangu, mguu ulikataa. Si maumivu. Ulijua tu kitu ambacho mimi sikutaka kujua. Nikahamisha uzito kwa ule mwingine, nikazunguka mbali, polepole, na miguu mingi midogo.

"Wacha wacha!" Ekal akapiga makofi. "Inapiga kona kama lori ya ng'ombe! Mzee, hiyo leo inalala sokoni!"

Babu hakucheka. Akamwachilia mbuzi, akainama, yule mzee wa magoti mabovu, akaweka mgongo wa mkono wake kwa goti langu.

"Lina moto," akasema polepole. "Umelitembeza."

Nikaivuta sketi chini, haikufika gotini.

"Nani alikufundisha hii?"

"Hapa, Babu. Hapa sokoni."

Akasimama. Nilidhani atanipigia kelele, na afadhali angenipigia. "Mimi nimewahi kuuziwa mbuzi aliyetembezwa," akasema. "Nikamrudisha kwa mwenyewe, tukagombana, soko lote likasikia. Lakini wewe ndiye muuzaji na wewe ndiye mnunuzi. Jioni huo mguu ukifura, utamrudishia nani?"

Hata Ekal akarudi kwa mbuzi wake.

"Kila mnyama anatembea mbele," Babu akaendelea. "Hata mgonjwa. Ndio maana sisi hatununui kwa kutembea. Tunageuza. Nenda kwa huyo kijana wa hospitali jioni, usikande, usizunguke. Aone mguu baridi."

Nilienda siku hiyo hiyo. Guyo alikuwa anafunga mlango. Nikatoa leso, nikamwonyesha, nikamwambia yote mpaka raundi nne za ua. Akapima paja moja na lingine na utepe. La upande mbaya lilikuwa limekonda, na kwa macho yangu sikuwa nimeliona. Akaniambia niruke mara moja tu na ule mzima. Nikaruka. "Sasa ule mwingine." Nikasimama nimeshika ukuta.

"Kumbe umekuwa ukiniuzia," akasema. Alikasirika, lakini Guyo hata hasira yake haina mbio. "Miezi hii yote nimekuwa natibu mguu ya uwongo. Ile ya ukweli imekaa nyumbani bila daktari."

Akanirudisha nyuma karibu mwezi mzima wa mazoezi. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilifichuliwa na kicheko cha broka, na namshukuru Mungu, maana kilio kilikuwa njiani kinakuja.

Usidhani nilipona moyo hapo hapo. Akiru alikuja nyumbani siku moja kabla ya sherehe, akakaa mlangoni.

"Nikiruka mahali pako utanichukia?"

"Nitakuchukia mpaka jioni."

"Basi sawa," akasema. "Jioni si mbali."

Siku ya sherehe nilisimama pembeni nikiongoza wimbo. Wakachaguliwa. Gari la Nairobi lilikuwa la warukaji peke yao, wa kuimba tukabaki. Hiyo jioni nililia mpaka mama akazima redio ili anisikie vizuri. Kesho yake nikatoka, nikapanda ile ngazi moja ya jikoni na kushuka, kupanda na kushuka, mara thelathini, vile Guyo aliniandikia. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na mimi kuinama ndiko nilikuwa bado najifunza, kwa goti na kwa kichwa.

Mwezi wa kumi na mbili Guyo alinipima tena, jioni, mguu baridi. Nikaruka na mmoja, nikaruka na mwingine, akapima na utepe kwa sakafu, vipimo viwili vikakaribiana. Akasema, "Nenda. Lakini kwa mchanga." Akiru akanipeleka kwa lugga, ule mto mkavu wa mchanga nyuma ya mtaa wao, tukavua viatu. Babu alikuja, akakalia mtungi wa maji uliopinduliwa. Niliruka mara ya kwanza nikiogopa, ya pili kidogo, ya tatu sikukumbuka kuogopa. Ndio nikasikia sauti yake, wala hakuiinua:

"Geuka."

Nikageuka. Kwa mguu ule, hapo hapo, kama mtu ameniita nyuma. Babu akatikisa kichwa mara moja, vile anatikisa akikubali mbuzi, akamwambia Akiru, "Hii sasa ni ya kufuga."

Sasa tuje kwa video yako. Nkatha, unakimbia vizuri, nakusifu. Lakini unatoka kwa tangi la maji mpaka kwa ua wa ng'ombe, video inakatika, halafu unatoka tena kwa tangi. Hakuna mahali unageuka. Umekata hapo mara tatu. Ulidhani mjukuu wa mnunua mbuzi hataona?

Nasaha yangu ni hii. Huenda fizio wako amekuruhusu kukimbia mbele, ni sawa, kimbia. Mpira hauchezwi mbele tu. Nenda kwake jioni, usikande, usijitembeze, mwambie linavyofura, mwambie unavyoogopa, kisha umwombe akugeuze. Akisema bado, ni bado. Hii mechi wacha mwingine avae jezi yako, umchukie mpaka jioni, halafu umpigie makofi. Mama yako mwambie wewe mwenyewe kabla ya Jumapili, la sivyo nitamwambia mimi, na unajua mimi sina subira.

Mungu akujalie goti la kupiga mbele zake, na goti la kukugeuza uwanjani siku yako ikifika. Kano yako mpya ishike kama mzizi wa mgunga kwenye mchanga. Na siku hiyo nitapanda gari nije Timau, nikae pembeni ya uwanja kwa mtungi uliopinduliwa, niite neno moja tu.